Bahari Moja, Maneno Mengine: Tarihi ya Mgeuzo Kamili wa Mchezo wa Doom, 1993–2010

Wanazuoni wa ushairi wa Kiswahili wanajua kwamba bahari ya utungo si mali ya mtu. Mtunzi atakaye kutunga utenzi hana haja ya kumwomba ruhusa mtunzi aliyemtangulia. Huchukua vipande vyake vinne vya ubeti, mizani zake nane katika kila kipande, na kina chake cha mwisho kinachopita tangu ubeti wa kwanza hata wa mwisho, akaweka humo maneno yake mwenyewe. Kwa maneno hayo ataulizwa. Kwa bahari hataulizwa. Jambo hili limezoeleka hata ni nadra kutajwa. Lakini katika miaka ya mwisho ya karne ya ishirini ilizuka katika nchi za Magharibi aina ya utungo ambao ndani yake swali la nani mwenye bahari lilikuwa bado halijapata jawabu, na watunzi wake walilazimika kulitafuta jawabu hilo kwa gharama ya kazi zao. Utungo huo ni mgeuzo kamili wa mchezo wa kompyuta.

Makusudi ya makala haya ni kueleza tarihi ya mgeuzo kamili katika mchezo mmoja mashuhuri, Doom, hasa katika kazi mbili zilizochukua wakati ujao kuwa maudhui yake: Aliens TC ya mwaka 1994 na HacX ya mwaka 1997. Itaonekana kwamba uhai wa kazi hizo haukutegemea ustadi wa watunzi peke yake. Ulitegemea pia ni nani aliyemiliki vitu vitatu ambavyo aghalabu huchanganywa: injini, data na hadithi.

Istilahi

Yafaa istilahi zielezwe kwanza. Mchezo wa namna ya Doom ni ule ambao kioo cha kompyuta huwa ndiyo macho ya shujaa. Mchezaji haoni mwili wa mtu anayemwendesha, ila mkono wake na silaha iliyomo, na kila kilicho mbele yake hukua kadiri anavyokikaribia. Injini ni programu inayochora vyumba, kutembeza viumbe na kupima kama risasi imegonga au imekosa. Data ni vile vitu ambavyo injini huvichora na kuvitembeza: ramani za vyumba, picha za kuta, picha za viumbe, sauti na muziki. Mgeuzo ni badiliko lo lote ambalo mchezaji hulifanya katika mchezo ambao hakuutunga yeye. Akiongeza ramani moja tu, mgeuzo wake ni mdogo. Akibadilisha ramani, picha, sauti, silaha, maadui na hadithi, hata kisibaki cha mtunzi wa kwanza ila injini, huo ndio mgeuzo kamili.

Mgeuzo mdogo wafanana na takhmisi. Sayyid Abdallah bin Nasir alipotunga Takhmisi ya Liyongo, alitanguliza mishororo mitatu yake na kuiacha miwili inayonasibishwa na Fumo Liyongo mwishoni mwa ubeti, hata sauti mbili zikawa zasikika mahali pamoja. Msikilizaji hawezi kuisahau sauti ya kwanza, kwa kuwa kila ubeti humrudisha kwake. Mgeuzo kamili hauko hivyo. Huondoa maneno yote ya mtunzi wa kwanza na kuacha mizani na vina tu. Kwa hiyo mfano wake wa karibu zaidi ni utenzi mpya katika bahari ya zamani. Hata hivyo mfano huo una mpaka wake, na mpaka huo ndio kiini cha tarihi hii: bahari ya utenzi hujifunzwa kwa sikio na hukaa vifuani mwa watu, lakini injini ya mchezo ni maandishi, yenye mwandishi na mwenyewe, na kwa miaka minne ya mwanzo maandishi ya Doom yalikuwa siri.

Muundo wa Doom

Doom ilitolewa tarehe 10 Desemba 1993 na id Software, kampuni ndogo iliyokuwa Mesquite katika jimbo la Texas, Marekani. Ilipelekwa kwa watu kwa njia ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Wisconsin. Sehemu ya kwanza, yenye ramani tisa, ilitolewa bure iwe kionjo; aliyetaka sehemu mbili zilizosalia alipaswa kuagiza na kulipa. Hadithi yake ilikuwa ya wakati ujao: askari mmoja yuko katika Phobos na Deimos, miezi miwili ya sayari ya Mirihi, na mahali pale pamevamiwa na mazimwi kutoka jehanamu.

Kabla ya hapo, Mei 1992, wenye kampuni hiyo walikuwa wametoa Wolfenstein 3D. Wachezaji waliyafungua mafaili ya mchezo huo pasipo kualikwa, wakachora ramani zao na kubadilisha picha. John Carmack, mwandishi mkuu wa injini, hakuliona jambo hilo kuwa wizi. Alipojenga Doom alitenga injini na data waziwazi kuliko ilivyokuwa desturi. Injini aliiweka katika faili lake, na data karibu yote akaiweka katika faili jingine la aina iitwayo WAD. Jina hilo lilibuniwa na Tom Hall, mwenzake katika kampuni. Ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yanayouliza iko wapi data yote.

Muundo wa faili la WAD ni mwepesi, na wepesi huo ulikuwa na matokeo makubwa. Laanza na baiti 12: nne zataja aina yake, nne idadi ya vipande vilivyomo, na nne mahali ilipo fahirisi. Katika fahirisi kila kipande kina nafasi ya baiti 16, ambazo nane kati yake ni za jina. Aina ni mbili. Faili la kampuni, lililo msingi wa mchezo, huanza kwa herufi IWAD. Faili la nyongeza, ambalo mtu ye yote aweza kulitunga, huanza kwa herufi PWAD. Na kanuni ni hii: vipande viwili vikiwa na jina moja, injini huchukua kile kilichopakiwa baadaye. Mtunzi akitaka kuondoa ramani ya kwanza na kuweka yake, huipa yake jina lile lile, basi. Faili la asili haliguswi. Hufunikwa tu, na mchezaji akiliondoa faili la nyongeza hurudi kwenye mchezo wa kwanza kama alivyouacha.

Arudhi iliyoandikwa na wasikilizaji

Kampuni ilifungua mlango, lakini haikutoa kitabu cha kueleza kila chumba cha nyumba. Wachezaji walijifunza bahari kama wajifunzavyo washairi wengi, yaani kwa kusikiliza tungo zilizokwisha tungwa na kukisia kanuni zake. Mwanzoni mwa mwaka 1994 ilitoka DEU, programu ya kuchorea ramani, kazi ya Brendon Wyber wa New Zealand na Raphaël Quinet wa Ubelgiji, waliosaidiana kupitia mtandao hali wakiwa mbali kwa nusu ya dunia. Katika mwaka huo huo Matt Fell alikusanya maarifa yaliyopatikana akaandika maelezo ya muundo wa mafaili ya Doom, kipande kwa kipande na baiti kwa baiti, akayaita wazi kuwa si rasmi. Maelezo hayo yalikuwa ndiyo arudhi ya Doom. Hayakuandikwa na aliyeiunda bahari, bali na waliokuwa wakiisikiliza.

Katika kazi hiyo palikuwa na maafikiano. Kampuni ilitaka migeuzo isifanye kazi katika kionjo cha bure, ili atakaye kuitumia awe amenunua mchezo kamili. Watunzi wa programu za kuhariri walikubali. DEU ilikataa kuhifadhi kazi ya mtu aliyekuwa na kionjo tu. Kwa hiyo kila mgeuzo uliotolewa bure ulikuwa pia sababu ya kununua kazi ya kampuni. Mgeuzaji hakulipwa fedha, na kampuni haikulipia kazi yake. Kila upande uliona umepata faida.

Lakini si kila kitu kilikuwa ndani ya WAD. Afya ya kila zimwi, mwendo wake, mpangilio wa picha zinazomfanya aonekane anatembea au anaanguka, na desturi za kila silaha vilikuwa vimeandikwa katika injini yenyewe. Mwaka 1994 Greg Lewis alitoa programu ya DeHackEd, iliyoweza kuingia ndani ya faili la injini na kubadilisha tarakimu za majedwali yake. Hapo ndipo mgeuzo kamili ulipowezekana. Hata hivyo uhuru huo ulikuwa na kipimo. Injini ya Doom II, iliyotolewa Oktoba 1994, ilikuwa na nafasi 137 za aina za viumbe na vitu, na nafasi 967 za hali wanazopitia. Mtunzi aliweza kubadilisha kilichokuwamo katika kila nafasi, lakini hakuweza kuongeza nafasi moja. Aliyetaka kiumbe kipya ilimbidi amfukuze wa zamani na kumweka mpya katika nyumba yake, tena nyumba yenye vyumba vile vile. Mshairi aliyepewa mizani nane hawezi kutia tisa. Lazima alitafute neno litakaloingia.

Aliens TC, 1994

Kazi inayohesabiwa kuwa mgeuzo kamili wa kwanza wa Doom ni Aliens TC, ya Justin Fisher, iliyotolewa mwaka 1994. Maudhui yake yalitoka katika filamu ya Aliens ya James Cameron ya mwaka 1986, inayosimulia habari za askari waliotumwa katika makazi ya watu kwenye ulimwengu wa mbali, wakakuta wenyeji wametoweka na viumbe wa kutisha wamejificha ndani ya kuta. Fisher aliondoa mazimwi wa jehanamu, akaweka viumbe wa filamu hiyo. Akaondoa sauti za Doom, akaweka sauti zilizochukuliwa katika filamu. Silaha na vyumba vikafuata.

Msomaji aweza kudhani kwamba kazi ya namna hii ni nakala tu. Sehemu moja yatosha kuonyesha sivyo. Mchezaji wa Doom alizoea kumwona adui mara afunguapo macho. Katika ramani ya kwanza ya Aliens TC hakuna adui hata mmoja. Mchezaji hupita katika makazi matupu, silaha mkononi, kila mlango ukimpa sababu ya kuogopa na hakuna mlango unaomtimizia hofu yake. Injini ni ile ile. Haikuongezewa uwezo wo wote. Kilichobadilika ni matumizi yake. Bahari iliyokuwa imetumika kwa kelele ilitumika kwa ukimya, na wachezaji waliokwisha kuua maelfu ya mazimwi walijikuta wakitembea polepole. Hii ndiyo hoja kubwa ya mgeuzo kamili: huonyesha ni kipi katika utungo wa kwanza kilichokuwa cha lazima na kipi kilichokuwa hiari ya mtunzi wake.

Katika tarihi ya kazi hii mna jambo la kustaajabisha. Wenye id Software wenyewe, walipokuwa bado wakifikiria mchezo utakaokuwa Doom, walizungumzia kupata leseni ya kutumia hadithi ya Aliens, kisha wakaacha ili wawe huru kutunga watakavyo. Kwa hiyo Fisher aliirudisha katika injini hiyo hadithi ambayo waundaji wake walikuwa wameikataa kwa kuuchunga uhuru wao. Waliikataa kwa kuwa waliujua uzito wa hadithi yenye mwenyewe. Uzito huo haukuwa umewaangukia wageuzaji mwaka 1994; ulikuwa njiani.

Hati zilizofuatana na kazi

Kila mgeuzo uliosambazwa ulifuatana na hati fupi ya maneno matupu. Kwa muda mfupi hati hizo zilipata mpango wa kudumu: jina la kazi, jina la mtunzi, maelezo machache, msingi uliotumika, muda uliotumika kuijenga, programu zilizotumika, makosa yanayojulikana, na mwishowe sehemu ya ruhusa. Katika sehemu hiyo mtunzi alitakiwa kusema kama wengine wanaruhusiwa au hawaruhusiwi kuichukua kazi yake kuwa msingi wa kazi nyingine, na kama yaruhusiwa kuigawa kwa njia gani.

Wachunguzi wa miswada ya tenzi wataitambua mara moja hati hii. Ni nduguye zile beti na maneno ya mwisho ambamo mtunzi au mwandishi wa mswada hujitaja, hutaja siku, huomba radhi kwa makosa na huwausia wasomaji. Katika hati zote mbili mtu asiye na mahakama wala mchapishaji wa kumlinda hutegemea neno lake na adabu ya atakayepokea. Tofauti ni kwamba mwandishi wa Lamu alimwusia msomaji asiharibu maana. Mgeuzaji wa Doom alimwusia asimwibie kazi.

Usia huo haukuheshimiwa daima. Mwishoni mwa mwaka 1995 id Software iliuza diski iliyoitwa Master Levels for Doom II. Pamoja na ramani zilizoagizwa na kulipiwa, diski hiyo ilibeba mkusanyo wa mamia kwa mamia ya ramani zilizookotwa katika mtandao, ambazo watunzi wake hawakuulizwa. Wafanyabiashara wengine walifanya vivyo hivyo. Wakati huo huo kundi la wageuzaji waliojiita TeamTNT lilikuwa limemaliza mfululizo mzima wa ramani, Evilution, na kuahidi kuutoa bure. Muda mfupi kabla ya kutolewa, kampuni iliununua. Ukauzwa mwaka 1996 katika Final Doom, pamoja na kazi ya ndugu wawili, Dario na Milo Casali. Wachezaji waliokuwa wakiungoja waliona wamevunjiwa ahadi. Watunzi, kwa upande wao, walikuwa wamepata malipo kwa kazi waliyoifanya pasipo kutarajia malipo. Pande zote mbili zilikuwa na haki ya kusema neno, na hapo ndipo ilipodhihiri kwamba maafikiano ya mwaka 1994 yalikuwa ya adabu tu, hayakuwa ya sheria.

Sheria ilisema mwaka 1998, katika kesi iliyohusu mchezo mwingine wa namna hii, Duke Nukem 3D. Kampuni ya Micro Star ilikuwa imekusanya ramani 300 zilizotungwa na wachezaji na kuziuza katika diski moja. Micro Star ilikwenda mahakamani kutaka itamkwe kwamba haikuvunja haki, na mwenye haki, FormGen, akaleta madai yake dhidi yake katika kesi hiyo. Micro Star ilijitetea kwamba mafaili ya ramani hayana picha hata moja ya mchezo. Yana maagizo tu ya kuiambia injini picha gani iwekwe wapi. Mahakama ya Rufani ya Marekani ya Mzunguko wa Tisa iliikataa hoja hiyo. Ilisema kwamba maagizo yanayoeleza kinaganaga kitakachoonekana ni sawa na kitu chenyewe, na kwamba ramani hizo zilikuwa simulizi mpya za Duke, na haki ya kusimulia habari za Duke ni ya mwenye Duke. Yafaa izingatiwe kwamba watunzi wa ramani zile 300 hawakuwamo katika kesi. Wageni wawili walipigania shamba mahakamani, na waliolilima hawakuitwa hata kuwa mashahidi.

Mwaka 1997

Mambo matatu ya mwaka 1997 yaliamua mwelekeo wa mgeuzo kamili, na ingawa yalitokea mbalimbali yafaa yatazamwe pamoja.

La kwanza ni kutolewa kwa HacX, kazi ya kundi lililojiita Banjo Software. HacX ilikuwa mgeuzo kamili wa Doom II uliotengenezwa kwa nia ya kuuzwa. Haikuazima filamu ya mtu. Maudhui yake yalikuwa ya utanzu ule wa hadithi za wakati ujao uliopata umaarufu kwa riwaya ya William Gibson, Neuromancer, ya mwaka 1984: miji yenye taa nyingi na haki chache, makampuni yenye nguvu kuliko serikali, na mdukuzi anayepenya katika mitandao yao. Shujaa wa HacX ni mdukuzi wa namna hiyo. Damu na pembe za mazimwi ziliondoka. Palikuja barabara, ofisi, viwanda, mashine, silaha za umeme na za baridi kali. Kwa kuwa hadithi ilikuwa yao, hakuna mwenye filamu aliyeweza kuwazuia. Kwa kuwa data ilikuwa yao, hakuna aliyeweza kusema wamenakili. Lakini injini haikuwa yao, na aliyenunua HacX hakuweza kuicheza asipokuwa na Doom II. Tena ilifika sokoni wakati soko limekwisha kuhama: Quake, mchezo mpya wa id Software wenye injini ya namna nyingine kabisa, ulikuwa umetoka Juni 1996, na macho ya wanunuzi yalikuwa huko. Watunzi wa HacX walikuwa wameijua bahari ya Doom kuliko watu wengi duniani, wakaitungia kazi yao kubwa siku ambazo wasikilizaji walikuwa wakitaka bahari nyingine.

La pili ni kuzuiwa kwa Aliens Quake. Wageuzaji wa Quake walikuwa wakifanya katika injini mpya lile alilolifanya Fisher katika injini ya zamani. Kampuni ya Twentieth Century Fox, mwenye filamu, iliwataka waache, nao wakaacha. Kwa wageuzaji jambo hili lilikuwa pigo hata likazaa neno: kazi iliyokomeshwa na mwenye hadithi ilisemwa kwa Kiingereza kuwa imefanyiwa “Fox”, jina la kampuni likiwa limegeuzwa kitenzi. Mwanafunzi wa lugha atalitazama neno hilo kwa makini. Jamii haiundi kitenzi kwa tukio linalotokea mara moja; hukiunda kwa jambo inalotazamia litokee tena. Neno hilo ni ushahidi kwamba wageuzaji walikuwa wameelewa tofauti kati ya injini na hadithi kabla ya wengi kuiandika: mwenye injini aweza kukukaribisha nyumbani kwake, na bado jirani mwenye hadithi akakutoa.

La tatu lilitokea tarehe 23 Desemba 1997, ambapo John Carmack alitoa hadharani msimbo chanzo wa Doom, yaani maandishi yenyewe ya injini. Hata hapo ilionekana kwamba umilki wa bahari hiyo haukuwa mwepesi. Sehemu ya sauti katika toleo la awali la Doom ilitegemea kazi iliyokuwa mali ya mtu mwingine, kwa hiyo lililotolewa ni toleo la mfumo wa Linux, ambalo halikuihitaji. Ruhusa ya kwanza ilikataza biashara. Mwaka 1999 ilibadilishwa, msimbo ukawekwa chini ya Leseni ya Umma ya GNU, ambayo humruhusu kila mtu kuutumia, kuubadilisha na hata kuuuza, kwa sharti kwamba anayeugawa autoe pia msimbo wake kwa anaowagawia.

Baada ya kufunguliwa kwa bahari

Matokeo yalionekana upesi. Mwaka 1998 TeamTNT, wale wale wa Evilution, walitoa injini iitwayo Boom, iliyoondoa vipimo vingi vya ile ya zamani. Mwaka huo huo Randy Heit alianza kutoa ZDoom, ambayo katika matoleo yake ya baadaye ilimwezesha mtunzi kueleza viumbe wapya kwa maandishi ya nje pasipo kumfukuza ye yote katika nafasi zile 137. Kazi ambayo DeHackEd iliifanya kwa kuvunja dirisha ilianza kufanywa kwa kupita mlangoni.

Data, hata hivyo, haikufunguliwa. Ramani, picha na sauti za Doom zilibaki mali ya kampuni, na zaendelea kuuzwa. Kwa sababu hiyo wengine walianza kutunga upya data yote, kipande kwa kipande, ili injini huru ipate mwili ulio huru. Kazi yao yaitwa Freedoom, nayo hugawiwa kwa ruhusa isiyodai malipo. Hapa mgeuzo kamili ulipata kazi ambayo haikufikiriwa mwaka 1994. Mwanzoni ulikuwa njia ya kuivika injini hadithi nyingine. Sasa ulikuwa njia ya kuitoa injini katika deni.

HacX nayo ilifika huko. Baada ya miaka ya soko kupita, ilianza kutolewa bure, na mwaka 2010 likatoka toleo la 1.2 lililopangwa upya liweze kusimama peke yake. Mabadiliko ya injini, ambayo zamani yalipaswa kutiwa kwa DeHackEd, yaliwekwa ndani ya faili lenyewe, nazo injini zinazotokana na msimbo wa mwaka 1997 zikapewa uwezo wa kuyasoma. Tangu hapo mtu aweza kuicheza HacX pasipo kuwa na Doom II wala kuinunua. Katika baiti ya kwanza kabisa ya faili lake badiliko hilo laonekana kwa herufi moja: palipokuwa na P, alama ya nyongeza, sasa pana I, alama ya msingi. Mpangaji alikuwa amekuwa mwenye nyumba.

Aliens TC haikufuata njia hiyo, wala haingeweza. Mtu aweza kuipakia katika injini huru na kutembea tena katika ramani ile tupu, lakini hadithi yake, viumbe wake na sauti zake ni za filamu, na hakuna mpango mpya wa faili uwezao kuzifanya kuwa za Fisher. Yahifadhiwa kwa mapenzi ya watu, si kwa haki. Kwa hiyo kazi iliyopendwa zaidi siku zake ndiyo iliyo dhaifu zaidi mbele ya sheria, na ile iliyochelewa sokoni ndiyo iliyopata msingi wake mwenyewe.

Hitimisho

Kutokana na tarihi hii mambo mawili yaweza kuthibitishwa. Kwanza, mgeuzo kamili si mchezo wa watoto wanaochezea mali ya wakubwa. Ni utungo, wenye kanuni zilizofikiwa kwa usikivu, wenye mipaka inayomlazimisha mtunzi kuchagua, na wenye desturi ya kuandika jina na usia. Wanaochunguza fasihi ya zama hizi hawana budi kuuhesabu. Pili, uhai wa utungo wa namna hii hutegemea bahari yake kuwa ya wote. Kazi iliyofungwa kwa injini ya mtu hufa injini hiyo ikiachwa, hata ikiwa nzuri namna gani. Msimbo wa Doom usingalifunguliwa, HacX ingalikuwa leo jina katika orodha, na diski zake zingalikuwa vyombo visivyo na mlango.

Kiswahili hakikupata kuishughulikia shida hiyo katika ushairi wake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kudai kuwa mizani nane ni zake. Ila tungo za leo nyingi, za sauti, za picha na za maandishi, hutungwa ndani ya programu ambazo watunzi hawazimiliki wala hawazioni ndani, na wahifadhi wa fasihi wakipokea kazi hizo watapaswa kuuliza, pamoja na jina la mtunzi na tarehe, injini gani yahitajika ili kazi isomeke, na ni nani aliye na ufunguo wake.